Mwanasesere wa Gunzi

Dada Adela,

Nakupigia makofi ya salamu kutoka Kibondo, mvua ikigonga turubai. Nawafundisha akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nduta kushona wanasesere wa vitambaa. Leo wametoka kumi na tisa, na mmoja ni wa gunzi, nywele zake ndevu za mahindi, sawasawa na yule aliyenitengenezea mama, wewe ukamtia jikoni kuwashia moto. Sijasahau.

Nikamwomba mwenyewe, Mama Spesioza, anipe. Akanipa, kisha akapiga kelele: “Yoo, mwalimu! Mtoto unamshika kama kuku? Geuka!” Akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, wenzake wakicheka mpaka machozi. Nikapita naye sokoni hivyo hivyo, na mvi zangu, nikijikuta nampigapiga anyamaze, kama tulivyokuwa tukifanya nyuma ya jiko la mama.

Ijumaa nitashuka Makere. Njoo stendi na kanga imara. Yule wa kwanza ulimchoma, huyu utambeba wewe, mgongoni, mpaka nyumbani. Mungu akutunzie magoti, dada yangu, maana kile kilima unakijua.

Mdogo wako,
Pendo