Kompyuta ya Chumba cha Mbele

Jumatatu, 7 Juni 2004

Nimebonyeza tena. Feni inazunguka, taa inawaka, nahesabu mpaka nane, inazima, kimya. Mara ya kumi na tatu leo. Kompyuta hii nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kitabu cha maelekezo mapajani. Kila waya uko mahali pake. Nina hasira.

Kaka Nassor kachungulia. Anakitaka chumba hiki aweke friza, auze barafu. Kasema kama mpaka Ijumaa haijawaka, nitoe meza yangu. Mimi nataka kuwapigia watu chapa barua zao, nisimuombe mtu hata sabuni. Chumba kingine chenye mlango wa njiani hatuna.

Jumanne, 8 Juni

Nimebadilisha waya wa umeme. Nimechomoa memori, nimeipangusa, nimeirudisha. Nane, kimya. Nimeipiga kofi. Mkono unaniuma, yenyewe haina habari.

Mama kaniambia niisomee dua. Nimeisomea. Bado.

Jumatano, 9 Juni

Nimekwenda Darajani kwa Saidi, aliyeniuzia vipande. Duka limejaa. Nimemwita mwizi. Nimemwambia kanipa mikweche kwa sababu mimi mwanamke. Watu wote wamegeuka. Yeye kasema tu, "Ilete, Bi Rahma, tuitazame." Upole wake umenizidishia hasira.

Kurudi, namkuta Kaka anapima ukuta. Nimetamani kumrushia kiatu.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeipeleka kwa teksi. Saidi kafungua kasha, kang'oa feni iliyokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Kisha kawaomba wateja wasubiri nje, karudisha mlango. Ndipo akanionesha. Chini ya feni, nailoni. Ile nyembamba ya kiwandani, imeyeyuka, imeganda. Joto halina pa kutokea, mashine inajizima isiungue.

Kwetu nailoni ya kitu kipya haitolewi. Kochi linayo mwaka wa sita, na rimoti, na mlango wa friji. Hii niliiona nilipokuwa naunga. Nikaiacha makusudi, isichafuke!

"Hukuitoa hii," kasema, polepole, wa nje wasisikie.

Mimi nilimuaibisha mbele za watu. Yeye kanisitiri. Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 11 Juni

Inawaka. Tangu asubuhi haijazima. Kaka karudi msikitini, kaitazama skrini, kanuna. Halafu: "Yule mwizi kakubadilishia, ee? Nshawaambia watu barazani wasinunue kwake."

Chumba nimekipata. Nimemwacha aamini hivyo. Jina la Saidi limechafuka kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 12 Juni

Darajani, saa nne, duka limejaa. Nimesema kwa sauti ileile ya Jumatano: vipande vyake vizima, ni mimi ambaye sikuitoa nailoni, namuomba radhi. Mtu mmoja kacheka. Saidi kaangalia chini, kasema yamekwisha.

Nimerudi kwa miguu. Habari zimenitangulia. "Nailoni!" kasema Kaka, kacheka mpaka kakaa chini. Nimemwacha acheke. Nimefungua mlango wa njiani, nimekaa kwenye meza yangu.