Gari la Tatu la Kijani

Jumatatu, 3 Novemba 2014

Breki za nyuma tena. Rei anataka breki ya mkono ifunge magurudumu ya nyuma peke yake, gari ligeuke lenyewe kwenye kona. Mara ya nne leo. Sasa karidhika.

Rei ndiye mkuu wa madereva wa michezo ya hatari kwenye filamu hii. Mzungu, miaka sabini na kitu, kidole kimoja hakipindi. Anasema kufukuzana kwa magari kwenye filamu za zamani hakukuwa gari moja. Yalikuwa matatu au manne, rangi moja, sura moja. Moja la mwigizaji, safi. Moja la kukimbia na kuruka, mifuko ya mchanga kwenye buti ili pua isichome ardhi. Moja la kufa. Na kamera ilizungushwa polepole kidogo, ili kwenye kioo cha sinema gari lionekane linapaa.

Tuna mawili. Ya Kijerumani, milango minne, ya miaka ya sabini. La tatu hatuna.

Mimi najua lilipo. Sijasema bado.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimesema.

Nimekwenda mtaa wa Al Twar kwa Bi Zuwena. Miaka sita nalihudumia gari la marehemu mumewe. Halitoki sana. Yeye hukaa tu ndani yake asubuhi na kuwasha injini.

Nikamwambia filamu inalitaka. Akaniuliza, "Hawatanivunjia, mwanangu?"

"Wataliendesha tu, Bi. Litaonekana dunia nzima."

Sikujua ni gari lipi litapinduliwa. Lakini nilijua moja litapinduliwa. Akatia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo hakuisoma. Sikumsomea.

Jumamosi, 8 Novemba

Gari la Bi Zuwena lilikuwa rangi ya maziwa. Sasa kijani kama wenzake; hilo nilimwambia. Mkono wangu ndio uliopuliza rangi.

Tumepima injini zote tatu. La Bi Zuwena lina injini dhaifu, bodi nzima kuliko yote. Rei akalipiga kofi la mapenzi kwenye boneti: hili ndilo la kupinduliwa. Halihitaji nguvu, linahitaji kwenda mstari mmoja tu.

Ningeweza kusema tubadilishe injini, lipinduliwe jingine. Kazi ya siku mbili. Nilinyamaza. Asubuhi Rei alikuwa ameniahidi jina langu kwenye orodha mwisho wa filamu, na kazi ya filamu ijayo Moroko. Niliogopa kuonekana msumbufu.

Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekata sakafu, nyuma ya kiti cha dereva. Hapo tumechomelea bomba nene la chuma, mdomo chini. Ndani yake kipande cha nguzo. Gesi ikifyatuliwa, nguzo inapiga lami na gari linabingirika. Rei anasema zamani walitumia baruti, na dereva aliomba Mungu wake.

Bi Zuwena amepiga simu. Anataka kuja kutazama. Nikamwambia kuna jua kali, barabara zimefungwa, atachoka.

"Nitavaa miwani."

Ijumaa, 14 Novemba

Barabara ya viwandani, saa mbili asubuhi. Kila kitu kimefungwa, Ijumaa ni mapumziko.

Alikuja na binti yake. Kavaa buibui mpya. Walimpa kiti chini ya mwavuli, maji baridi, heshima zote. Mwenye gari. Kila mtu madam, madam.

Gari la pili lilipita kwanza, kamera mbele yake imening'inizwa chini karibu na lami. Likakata kona kwa ubavu, moshi mtupu. Bi Zuwena akapiga makofi kama msichana.

"Langu lile?"

Nikasema ndiyo. Uongo. Sijui kwa nini. Nilitaka afurahi kidogo kwanza.

Kisha likaja lake. Mlio mmoja, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Likainuka ubavu, likabingirika mara nne, likalala juu ya paa lake. Watu wote wakashangilia. Mlango mmoja ulikuwa umefika mtaroni.

Alisimama. Kwanza aliuliza, "Yule dereva mzima?" Mzima. Alikuwa ameshatoka, anapunga mkono. Ndipo akautazama ule mlango mtaroni. Akaujua. Ndani haukupakwa rangi, bado ulikuwa wa maziwa.

"Rajabu. Ulijua?"

"Nilijua, Bi."

"Khalas. Yamekwisha." Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumapili, 16 Novemba

Sijala vizuri tangu juzi.

Nilimuuliza Rei: kama ningeomba tubadilishe injini, tuache gari la yule bibi na kupindua jingine? Alinitazama kwa mshangao.

"Ungesema tu," akasema. "Siku tulikuwa nazo."

Siku tulikuwa nazo. Yote yale kwa kuogopa kusema neno ambalo Rei mwenyewe asingelikataa.

Nimemwambia Moroko siendi. Hakuelewa. Sikumweleza. Na kutokwenda kwangu hakumrudishii mtu kitu, najua.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimekwenda Al Twar baada ya swala. Nilidhani hatafungua. Alifungua mwenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ingia."

Nikamwambia yote. Karatasi, injini, Moroko, makofi aliyolipigia gari lisilo lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamimina kahawa, akasogeza tende.

Akanisimulia mumewe alivyomfundisha kuendesha, kule kando ya bahari ambako sasa kuna maghorofa ya Marina. Palikuwa mchanga mtupu. Alizama mara tatu siku ya kwanza, na mumewe akacheka mpaka akakaa chini. Alisimulia kwa upole, kama anamsimulia mgeni wa kawaida.

Kisha akasema, "Mimi filamu siijui, Rajabu. Gari nilikupa wewe."

Nikanywa kahawa yangu mpaka chini.

Alinisindikiza hadi getini. Miaka sita, kila nikiondoka, husema karibu tena, mwanangu. Leo amesema, "Nenda salama."

Akafunga geti taratibu.