Jumamosi Saba za Kijito cha Sironga

Jumanne, 15 Januari 1974

Wiki moja kazini. Bado siamini! Mimi, Joash Ratemo, niliyekosa nafasi ya ualimu, napima joto la maji kwa themometa ya kioo. Kila siku saa nane mchana, mara mbili – juu penye miti, na chini ambako Mzee Machogu alikata miti yote apande chai. Juu 17. Chini 22. Na kijito ni kile kile!

Miss Nyanchera, mwenye utafiti, huja Jumanne na Alhamisi kutoka Kisii mjini. Aliniuliza Jumamosi itakuwaje, maana anajua sisi ni wa Sabato. Nikamwambia Mogire, jirani yetu Mkatoliki, atanipimia. Ya kwanza amepima vizuri.

Alhamisi, 24 Januari

Leo nimeona mambo. Miss Nyanchera alipasua samaki wawili, wadogo kama kidole. Wa juu – tumboni wadudu thelathini na mmoja, wale wenye mikia mitatu wanaokula majani yaliyooza. Wa chini – ukoga wa kijani na sisimizi mmoja. Basi! Anasema maji yakipata joto wadudu hukomaa mapema, huruka wakaenda zao, na samaki wachanga wakija wanakuta sufuria imeshaoshwa. Mdiria anayekula samaki naye anahama.

Kisha akasema moshi wa viwanda unaweza kuipasha dunia nzima, polepole. Kwamba hapa kwa Machogu tunachungulia tu mapema yatakayokuja. Alisema hivyo huku akifuta kisu kwenye sketi. Huyu mwanamke! Anaingia majini hadi magotini, haogopi ruba, haogopi wanaume wanaomcheka toka darajani.

Mogire amepata kazi kiwanda cha chai. Kaondoka jana. Sijui nani atapima keshokutwa.

Jumapili, 27 Januari

Jana sikupima. Sabato ni Sabato – Mama ningemtazamaje? Lakini lile pengo daftarini lilinikera. Ijumaa chini 22, leo 23. Nikaandika 22 na nusu; Miss Nyanchera hajui kama Mogire ameondoka. Si uongo sana. Ni katikati tu.

Jumanne, 26 Februari

Alhamisi themometa ya Miss Nyanchera ilimponyoka, ikavunjika kwenye jiwe kabla hajaisoma. Leo nimeona daftari lake. Siku ile ameandika kwa wino: SIJUI. Neno moja, kubwa, katikati ya namba. Msomi mzima, aliyesoma chuo kikuu Kampala! Mimi mwalimu wangu wa darasa la saba angenichapa. Nimelikodolea macho hadi akaniuliza kama nasoma au nasali.

Sijawahi kumheshimu mtu hivi. Jumamosi zangu za kubuni ni tano sasa.

Alhamisi, 14 Machi

Siku mbaya, na alikuwa na furaha tele.

Kuna bwana ofisini kwao anayedai kukatwa kwa miti hakuna neno. Ati ni ng'ombe na wafuaji nguo wanaovuruga tope kule chini, na tope ndilo linalopasha maji. Miss Nyanchera amehangaika na bwana huyo mwaka mzima. Leo alikuwa anapekua daftari langu, mara kidole chake kikasimama kwenye Jumamosi. Kisha akasema:

"Ratemo, Jumamosi hakuna mtu kijitoni. Kijiji kizima mko kanisani. Maji yametulia, na bado joto halishuki! Hizi Jumamosi zako ndizo jibu langu."

Akanishika bega. Alinishukuru. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano ijayo anakwenda Kisumu kusoma ripoti mbele ya wakubwa wote.

Jumapili, 17 Machi

Nimefanya. Jana nilitoka kanisani kwa mlango wa nyuma kwaya ikiimba, nikashuka kijitoni na viatu vyangu vya Sabato. Kimya kabisa. Hata ng'ombe mmoja hakuwapo. Juu 17. Chini 21. Nikasoma mara tatu. Ningebaki kanisani ningeandika 23!

Labda ni wingu, mvua iko karibu. Labda yule bwana wa ofisini ana ukweli kidogo. Siku moja haitoshi kujua.

Mama aliona matope kwenye viatu. Leo ameviosha, ameviweka juani. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 19 Machi

Landrova ya Miss Nyanchera bado haijafika. Nimekaa kwenye jiwe kwa Machogu, daftari la kazi magotini, hili langu juu yake.

Nikinyamaza, kesho anamshinda yule bwana, nami nabaki na kazi. Lakini atakuwa ameshinda kwa namba nilizobuni mimi – yeye, aliyeandika neno lile! Akija kugundua mbele ya watu? Nisingejisamehe. Nikisema, sijui atanitazama vipi. Hilo linaniuma kuliko kazi.

Nakata kwa mstari mmoja, namba ibaki inasomeka, kama afanyavyo yeye. 26 Januari – SIJUI. 2 Februari – SIJUI. Wino umedondokea suruali. Ya tatu. Ya nne.

Landrova imezimwa darajani. Namsikia akisalimiana na akina mama wanaofua, anawauliza watoto. Anacheka.

23 Februari – SIJUI. 2 Machi – SIJUI. Imebaki moja.

Anashuka. Ananiita kabla hajanifikia:

"Ratemo, niletee Jumamosi zangu!"