Shamba la Mkwe Rogelio Limepona

Weston, Toronto,
Kanada.
11 Mei 2025

Mpendwa wifi yangu Apolonia,

Shikamoo wifi, maana najua nisipoanza na shikamoo utaikunja barua hii uwashie moto. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Na presha je, bado unakunywa zile dawa au umeziacha tena kwa sababu umejisikia nafuu? Nakujua wewe. Sisi huku hatujambo, namshukuru Mungu. Kaka yako Josaphat ni mzima, anakoroma vizuri. Baridi nayo imetuachia, hata miti iliyo kando ya mto hapa chini imeanza kuchipua.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwanza, kwenye simu huniachii nimalize sentensi. Pili, Sara wa jumuiya yetu anakuja Moshi Alhamisi, nikasema heri nimpe barua, maana nina habari ndefu na nataka uisome ukiwa umekaa.

Mjukuu wako Kyle sasa anakimbia nyumba nzima. Anaelewa Kiswahili chote, ukimwambia aache anaacha, ila anajibu kwa Kiingereza na mara nyingine kwa Kifilipino cha mama yake. Baba yake, Cletus, anacheka tu. Namwambia, wewe cheka, shangazi yako akija hapa atakunyoosha.

Sasa habari yenyewe. Unamkumbuka mkwe wetu Rogelio, baba yake Crystal, yule mzee mfupi uliyesalimiana naye kwenye video siku ya ubatizo? Alikuja kumwona mjukuu, akapanga kukaa miezi michache arudi kwake Ufilipino. Kumbe barafu ilikuwa inamsubiri mlangoni. Aliteleza, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, akafundishwa kutembea upya. Miezi michache ikawa mwaka na nusu. Yuko kwa Cletus na Crystal, ghorofa moja juu yetu, na kila alasiri hushuka kwetu kunywa chai. Tunaongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, na tunaelewana kuliko watoto wanavyodhani.

Wifi, yule mzee ametoka mbali. Baba yake alikuwa mkata miwa kwenye shamba la tajiri, katika kisiwa kinaitwa Negros. Nyumba waliyolala ilikuwa ya tajiri, na hata kuku wao walikuwa wanatembea kwenye ardhi ya tajiri. Miwa ikishakatwa, miezi inayofuata hakuna kazi, na wenyewe wanaiita miezi iliyokufa. Rogelio anasema miaka ya themanini bei ya sukari ilipoanguka, miezi yote ikawa iliyokufa. Alizika mdogo wake wa kike kwa njaa, katikati ya shamba linaloota sukari. Alipofika hapo, mimi nikazidi kumkorogea chai.

Baadaye wananchi walimng'oa rais wao, na mwaka 1988 ikatoka sheria ya kuwagawia wakulima ardhi. Usidhani ilikuwa rahisi. Waliandamana, wakafungiwa geti na walinzi wenye bunduki, wakapiga kambi barabarani na watoto. Mwishowe wakapewa, lakini kwa hati moja ya pamoja, wakulima wote kwenye karatasi moja. Miaka yote hiyo Rogelio amelima kipande chake akijua ni chake, ila hana cha kuonyesha. Ndiyo sasa serikali yao inazigawa zile hati, kila mkulima apate yake. Wapimaji wanakuja, wanaangalia nani yuko shambani na nani analima. Na sheria yao inasema aliyelitelekeza shamba miaka miwili mfululizo anaweza kuondolewa.

Na mkwe wetu yuko Toronto na fimbo ya kutembelea! Jamani, yule mzee alikonda. Alikuwa akija kwangu chai inapoa, haigusi.

Kilichomwumiza zaidi ni mdogo wake, Nardo. Kule kijijini wamebaki wao wawili tu. Tangu Rogelio afike huku, Nardo hakupokea simu yake hata siku moja. Halafu mwezi wa pili jirani aliyeachiwa ufunguo wa nyumba akapiga simu: Nardo ameingia shambani kwako, amekata miwa, amepanda mingine, na wapimaji wanakuja baada ya Pasaka. Basi mzee akaamini ananyang'anywa na damu yake mwenyewe. Akataka Crystal amwandikie mashtaka ayapeleke ofisi ya ardhi, kwamba Nardo ni mvamizi.

Crystal akashuka kwangu analia. Akaniambia, "Mama, nikiandika hayo, baba na baba mdogo hawatazikana." Nikamwuliza, huyu baba mdogo ni mwizi? Akasema hapana, amenuna tu.

Amenuna! Mwaka na nusu! Akanielewesha kwamba kwao mtu uliyemwudhi hakugombezi. Anakukatia maneno, anakaa pembeni anasubiri umbembeleze, na usipombembeleza anaendelea kusubiri. Nikamwambia, mwanangu, mtu wa namna hiyo nimelala naye kitanda kimoja miaka thelathini. Kaka yako alikuwa sebuleni, akajifanya hajasikia.

Tatizo likawa mzee mwenyewe. Eti yeye ndiye mkubwa, mkubwa hambembelezi mdogo. Crystal akamsihi, wapi! Cletus akamsihi, wapi! Ndipo Josaphat, ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuhesabika, akainuka akaenda dirishani. Huku wazungu wanauza masale madukani, wanayaweka sebuleni kama pambo. Usicheke, na sisi tunalo moja kwenye kopo. Akakata jani, akalifunga fundo, akamwekea mzee mkononi.

Akamweleza kwamba kwetu uchagani mtu akikuletea isale, huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama amekuchomea nyumba. Na kwamba anayelibeba halipunguzi heshima yake, hata awe mkubwa namna gani. Mzee akaligeuzageuza. Akauliza kama lazima useme maneno mengi. Josaphat akamwambia hapana, jani ndilo linasema. Nadhani hapo ndipo alipokubali, maana wanaume hawa ukiwaepusha na maneno wanakupa hata shamba.

Tukapiga simu Jumamosi usiku, kule ni Jumapili asubuhi, kwa simu ya binti wa Nardo ili asituponyoke. Nardo akatokea kwenye kioo, uso mkavu. Mzee akainua lile jani. Nardo akauliza hilo ni nini, umekuwa mganga? Crystal akamweleza ni mila ya wakwe zake, na kwamba ukishaonyeshwa, umekwisha.

Wifi, yule mwanamume alilia kama mtoto. Akasema, "Kuya, uliondoka bila kuniaga. Ufunguo ukampa jirani, mimi nipo." Kuya ndiyo kaka mkubwa kwao. Mzee akasema aliondoka alfajiri kwa sababu alijua akimuaga atashindwa kupanda gari. Halafu akamwuliza kuhusu miwa. Nardo akashangaa kabisa. "Ulitaka wapimaji wakute magugu? Wangesema umelitupa." Kumbe muda wote alionuna alikuwa akilima mashamba mawili, lake na la kaka yake, na ile miwa aliyokata alikuwa ameiuza na kumwekea kaka yake chake. Kununa kwake kulikuwa kwa mdomo tu, mikono haikununa.

Mimi nililia, Crystal akalia, Cletus akaenda kuangalia mtoto ambaye wala hakuwa ameamka. Mzee alipiga chai vikombe vitatu na maandazi yangu yote.

Wapimaji walifika wiki iliyopita. Nardo alisimama katikati ya shamba, simu mkononi, akatuzungusha tukaona kila nguzo inavyopigiliwa. Mpimaji alipomwuliza jina, wangeandika lolote ambalo angetaja. Akataja la Rogelio. Mzee atasafiri mwezi ujao, daktari amemruhusu, hivyo atakuwepo mwenyewe hati ikitoka. Nimelala usingizi, wifi! Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo wa yule mzee mpaka ulipotuliwa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya ile simu ya wapimaji, kaka yako hakula. Alikaa tu. Nikadhani tumbo. Halafu akaniuliza, "Hawa watu wangekuja Kibosho leo, wangemkuta nani kihambani, kwenye shamba la baba?"

Nikamwambia, "Wangemkuta Apolonia."

"Na jina wangeandika la nani?"

Jibu analijua mwenyewe. Baba yenu alimwachia yeye kwa kuwa ndiye mwanamume. Wewe ulirudi nyumbani na Laura mgongoni, ukamwuguza baba mpaka mwisho, ukapalilia kahawa na migomba miaka yote hii, na kila Krismasi sisi tunakuja tunakupongeza kwa kututunzia.

Akasema Desemba hii anaita ukoo na mtendaji wa kijiji. Sehemu yote ya juu, penye kahawa na nyumba ya baba, inaandikwa kwa jina lako, na baada yako Laura. Nikamwuliza, ukoo wakikataa kwa sababu ni binti? Akasema wakatae wakiwa wamesimama juu ya kazi yake, tuone. Nikamwuliza tena, unampa aendelee kukutunzia? Akanikazia macho. "Hapana, Perpetua. Si ya kutunza. Ni yake."

Nikainuka nikaenda jikoni, sikutaka anione.

Atakuambia mwenyewe, na sitakiwi kukudokeza. Kwa hiyo akipiga simu ujifanye unashangaa, na tafadhali siku hiyo mwachie amalize sentensi.

Nisalimie Laura na wanawe, na mwambie zile picha nimezipata. Msalimie Padre, na wana jumuiya wote wanaoniulizia kweli, siyo wale wanaoulizia zawadi. Mungu akulinde, akupe afya, na migomba yako izae.

Ni mimi nikupendaye, hata siku ukininunia,

Wifi yako,
Perpetua