Kasha la Mpingo

Chamazi, Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani, na macho hayakuumi kama yalivyokuuma msimu wa korosho. Mimi mzima, nakula, nalala. Zainabu mdogo wangu, najua msomaji ni wewe. Msomee baba yote, usimpunguzie neno kwa huruma. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyoniweka kimya miezi mitatu.

Baba, katika kila barua unauliza kama lile kasha ulilonichongea limefaa. Halikufaa.

Pale dukani Mikocheni tunaunga kompyuta za mezani. Tangu serikali ifungue biashara ya nje, vipuri vinakuja kwa maboksi kutoka Dubai, na kuunga moja ni kazi ya asubuhi tu. Unachukua sanduku la huku na kioo cha kule, na vinakubaliana. Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Bosi wangu, Bwana Kassimu, ana gunia la zile ndogo za kupakata, wenyewe wanaziita laptop, zote zimekufa. Siku moja akaniambia mbele ya mafundi, "Hamisi, ukiniungia moja ikawaka, ufundi mkuu wako." Wenzangu wakainamisha nyuso. Nilidhani ni wivu, kumbe walikuwa wanazuia kicheko.

Hakuna anayeziunga, baba, na si kwa uvivu. Ile ya mezani ina nafasi ndani, na viwanda vimekubaliana matundu ya skrubu yakae wapi. Hii ndogo kila kiwanda kimejikatia chake. Ubao wake wa umeme unaingia kwenye kasha lake tu, kioo kina waya wake, na madukani hupati mtu wa kukuuzia kipande kimoja kimoja. Wewe ungelijua hilo kabla yangu. Lile sanamu lako la watu waliopandiana, ulilolitoa kwenye gogo moja, nani amewahi kung'oa kichwa cha mmoja akakipachika kwa mwingine? Lakini sikukuuliza. Nilijitia ujuzi, nikasema kinachokosekana ni kasha tu, na makasha baba yangu anachonga.

Nikakutumia karatasi za vipimo. Zainabu aliniandikia kwamba ulizipapasa kwa vidole huku yeye akikusomea namba, kwa sababu mistari huioni tena, kwamba kazi za wateja uliziweka kando, na kwamba patasi ilikukata mara mbili. Nilisoma, nikakunja barua, nikaenda kula.

Kasha likaja na basi, limefungwa kwenye khanga ya marehemu mama. Lilikuwa zuri, baba, sikubembelezi. Kifuniko kilifunga bila sauti. Vipimo ulivifuata sawasawa, mwenye kosa ni mimi: nilipima ubao wa aina moja, na kioo pekee kilichobaki kizima kilikuwa cha aina nyingine. Nikakwangua, nikatoboa, nikalazimisha waya. Siku nilipoiwasha mbele yao, joto lilikosa pa kutokea, moshi ukafuka kwenye bawaba.

Walicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. Bwana Kassimu akalinyanyua juu. "Loo! Hii laptop au jeneza la paka? Nani kakuchongea, braza?"

Zainabu, hapa usiruke.

Nilisema, "Nilinunuaga tu barabarani, bosi. Kwa mzee mmoja kipofu, anachonga ovyo ovyo."

Akafungua kifuniko. Sikujua kama uliandika ndani. Sikuwahi hata kutazama. Akasoma kwa sauti zile herufi zako zilizopinda: KWA HAMISI MWANANGU FUNDI. Akanigeukia.

"Hamisi si wewe?"

"Mie? Kina Hamisi wako wengi mjini, bosi."

Hawakucheka tena. Laiti wangecheka.

Bwana Kassimu aliliweka mlangoni, lizuie mlango usibamizwe na upepo, na mpaka leo liko hapo hapo. Ufunguo wa duka ninao mimi. Kila asubuhi nalisukuma kwa mguu hadi mlangoni, na jioni nalirudisha ndani kwa mguu, maana nikiinama kulishika kwa mikono watajua. Naona aibu, baba, na aibu yenyewe haijanifundisha kitu. Kesho nitalisukuma tena.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mjomba anayekushika mkono kwenda msikitini. Yule jirani anayekuletea magogo mwambie asilete tena kwa ajili yangu. Zainabu, khanga ya mama nimeifua, nitaituma kwa basi. Baba akitaka kujua nitakuja lini, mwambie hilo sikuliandika.

Ni mimi mwanao,
Hamisi. Yule wa kwenye kifuniko.