Baba Anangoja Breki

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili mchana

Dada Chiriku, kipenzi changu!

Hujambo huko uliko? Shemeji je, mgongo umemwachia? Na mapacha, bado wanang'atana? Mimi mzima wa mwili. Ila tangu uolewe nyumba imepoa mno, hata kijiko kikianguka nashtuka.

Naandika kwa sababu kupiga simu siwezi. Ukuta wetu unaujua, wa mbao, Baba anasikia hata nikijikuna. Nikituma ujumbe, mapacha watausoma na kumpigia babu yao palepale. Na hili amenikataza kulisema.

Keti kwanza. Baba ana kansa ya tezi dume. Daktari anasema imewahiwa, haijatoka kwenye tezi, ila asichelewe: upasuaji ni Alhamisi. Tulipoambiwa, Baba akawa bubu. Cherehani akaifunika shuka. Wateja nawadanganya ana mafua. Mafua ya mwezi mzima, jamani!

Sasa unanijua na kuchokonoa kwangu. Mchana natengeneza simu za watu, jioni nasoma chochote kuhusu ugonjwa huu. Juzi nikakuta habari kwamba wanasayansi wameona protini fulani ambazo huenda zinazuia kansa ya tezi dume isikue. Niliruka! Nikamkimbilia Baba peku, nikamweleza: seli za kansa ni kama cherehani iliyogoma kusimama, inashona tu, inashona tu, na hizi protini ndizo breki.

Baba akacheka. Dada, alicheka! "Kumbe breki ipo, we Waya, na umeninyamazia?" Akafunua cherehani, akashona sare za watoto wa jirani mpaka giza likaingia, huku akiimba ovyo kama zamani. Mimi nimesimama pale nalia kama mjinga.

Kesho yake nikaisoma tena ile habari, polepole. Ni seli za kwenye visahani vya maabara, na panya. Panya, Dada! Dawa yenyewe hakuna. Labda itachukua miaka, labda isije kabisa. Lile neno "huenda" mimi nililiruka.

Nilipomkumbusha upasuaji wa Alhamisi, hata macho hakuinua. "Nikatwe ya nini? Mimi nangoja breki yangu. Waambie visu vyao wamnolee mwingine." Kisha akanituma uzi mweusi.

Nikimwambia ukweli, cherehani itafunikwa tena, na safari hii pengine hata mimi hatanisemesha. Nikinyamaza, Alhamisi itapita yeye anashona. Nimejaribu. Nafika kwenye kiti chake, ananitupia utani, nageuka. Wateja wanakuja wanampongeza kupona mafua, nami nacheka pamoja nao. Nyumba imejaa watu tena, na sijawahi kuwa peke yangu hivi.

Barua hii nampa yule dereva wa basi rafiki yako, kesho jioni utakuwa nayo. Msalimie Shemeji, mapacha uwabusu. Shangazi naye msalimie, ila hili usimwambie, ataanza kilio tangu stendi. Mungu awatunze wote, na wewe akupe usingizi baada ya kusoma haya.

Nijibu kwa dereva huyohuyo. Ungekuwa wewe, Dada, ungemwambia? Na ungeanzia wapi?

Mdogo wako anayekupenda sana,
Waya