Mpaka Kapu Likohoe

Rasbura, Lindi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Shamte,

Shikamoo kaka. Marahaba yako najua itachelewa, maana barua hii inakuja kwa mkono wa Damiani, utingo wa basi la Kilwa Masoko, na Damiani unamjua, akipata soga pale Nangurukuru husahau hata abiria wake. Nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe, asiiache kwa jirani wa kibanda chako. Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Unakula, au bado ni chai na andazi mpaka magharibi? Simu yako haipatikani tangu wiki ya juzi. Mtu anatengeneza simu za mji mzima halafu ya kwake haipatikani! Mwanzoni tulicheka, kaka. Sasa hatucheki.

Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Saluni inakwenda, Angela bado ni bosi wangu na bado anapiga kelele kama kawaida yake, vidole vyangu vimeota sugu kwa kusuka. Mama hajambo, ni yale magoti tu. Mvua zimeshaanza kule Mtama, na makuti ya nyumba unayajua yalivyochoka. Anasema amehamisha kitanda mara kadhaa na kila anapokihamishia tone linamfuata. Analala na beseni miguuni. Hakulalamika, alinisimulia huku anacheka, akasema si kitu, mabati ya Shamte yako njiani. Alhamisi anashuka mjini kuyaona.

Nitarudi huko kwenye mabati. Kwanza nikupe habari za Bonde, maana wewe ndiye uliyeniwekea mchezo ule kwenye simu, Idi ile tuliyokula pilau iliyoungua. Uliniambia Bonde lina haki kuliko dunia. Kila mtu anaanza na shati moja na sururu moja, wa Lindi sawa na wa Ulaya, atakayechimba zaidi ndiye atakayepata. Nilikuamini kabisa. Baadaye ukaniambia umeacha, huna muda wa kuchezea. Basi ngoja nikusimulie lilivyo siku hizi.

Hapa saluni tunacheza wote, anayesuka, anayesukwa na anayesubiri zamu. Wengi wetu ni kwa kujifurahisha tu. Lakini wapo ambao kwao si mchezo. Unamkumbuka Josephat, aliyekuwa anaendesha bodaboda kabla mwenye pikipiki hajaichukua pikipiki yake? Kutwa nzima yuko kwenye baraza letu, anachimba chuma cha Bonde kwa simu ambayo kioo chake kimepasuka hata sijui anaona nini. Kuna watu huko Dar wana pesa na hawana muda, wanataka kujenga ngome na hawataki kushika sururu. Wananunua chuma chake, wanamtumia pesa kwenye simu, naye ananunua unga na maziwa ya mtoto. Mkewe Lusia alikuwa akimsema kwa majirani kwamba mume wake amekuwa mtoto mdogo. Alipoona unga umeingia ndani akanyamaza.

Kisha akaja mchezaji mmoja anajiita Mwinyi Chuma. Huyu hakuchimba hata siku moja. Alinunua vito, vile vya kulipia pesa halisi, tena si vichache, na kwa vito vile akanunua kila sururu iliyokuwa sokoni. Nawe unajua sururu za Bonde zinavyovunjika. Zamani ikivunjika unatoa chuma kidogo, unapata nyingine, maisha yanaendelea. Sasa ukienda sokoni hakuna kitu, zote ziko kwa Mwinyi, na Mwinyi hauzi. Anakukopesha. Unamlipa kwa chuma ambacho hujakichimba, na kinapimwa kwa kapu lake yeye, siyo kapu la soko. Loo, kapu lenyewe! Josephat alikuwa akichimba tangu asubuhi, akimaliza kumjazia Mwinyi anabaki na chuma cha kuhurumia. Wageni ndio usiseme. Mtu asiye na sururu kule hana la kufanya ila kutembea na kusalimia watu.

Siku Josephat aliponieleza, mikono yangu ilisimama kwenye kichwa cha mteja. Kaka, ni kangomba ile ile. Niliwaona palepale wale watu waliokuwa wanakuja uani kwetu miezi ya njaa, korosho bado maua, wanampa Baba debe la mahindi na kumwandikia deni, halafu msimu ukifika wanakuja na bakuli lao. Marehemu Baba alikuwa anasimama anawatazama wanavyojaza, korosho zinamwagika pembeni, na za pembeni nazo wanazizoa. Alikuwa anasema bakuli halijajaa mpaka likohoe. Sisi tulikuwa tunacheka. Mwaka wewe ulipotolewa shule, kidato cha pili, kwa sababu korosho zote zilikwishaingia kwenye bakuli, hatukucheka tena. Nakumbuka ulivyokunja sare yako ukaiweka juu ya kabati na kuapa kwamba mtu wa kangomba ukimkuta njiani utampiga jiwe. Mama alikukemea, lakini usoni alifurahi.

Nadhani ndiyo maana watu wa huku walielewa upesi kuliko wenzao wa mikoa mingine. Mchezaji mmoja, anajiita Mama Koba, aliandika kwenye ubao wa mazungumzo kwamba dawa ya kangomba tunaijua, tumeizoea kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Chuma chote kiingie ghala moja. Asiuze mtu pembeni hata kipande. Kila Jumamosi tufanye mnada, anayetaka aje anunue kwa pesa halisi mbele ya watu wote, na mgao uende kwa kadiri mtu alivyochimba. Sururu chache zilizobaki tupeane kwa zamu. Mchezaji wa Mwanza akauliza kwa nini mambo yawe magumu hivyo, si ni mchezo tu. Watu wa Lindi walimvamia huyo bwana kwa maneno mpaka akatoka.

Haikuwa rahisi, nisikudanganye. Wiki ya kwanza Josephat alitaka kumrudia Mwinyi, maana mtoto hangojei mnada. Tukachanga hapa saluni, unga wa kweli na mafuta ya kweli, Angela mwenyewe na ukali wake akatoa mchele. Josephat akavumilia. Wengine nao wakavumilia, kila mmoja kwa namna yake, na ghala likaanza kujaa. Ufunguo walimpa Mama Koba.

Basi Mwinyi akabanwa. Sururu za Bonde zisipotumika zinashika kutu, na zake zilikuwa maelfu, zimekaa tu. Zaidi ya hapo, alikuwa ameshachukua pesa za watu wa Dar kwa chuma ambacho hakuwa nacho. Alitegemea kapu. Alianza kwa kutukana, akahamia kwenye vitisho, mwisho akaja kwa upole kabisa, akaandika kwamba anaomba auziwe hata nusu ya ghala kwa bei ya zamani, kwamba mtaji alioweka si wake, una mwenyewe, na mwenyewe ni mtu mzima. Watu walimcheka. Mimi nilikuwa namsuka mke wa mwalimu, naye alicheka mpaka nikamwambia atulize kichwa. Mama Koba akamjibu kwamba mnada ni Jumamosi, aje kama wengine.

Akaja. Akanunua kwa bei yetu, akanunua tena, mpaka pesa ikamwishia, na akapotea. Angela alituletea soda saluni nzima. Josephat alilipwa mgao wake akaenda moja kwa moja kumnunulia mtoto viatu, akarudi kutuonyesha, kiatu kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha dhahabu. Ningependa ungemwona siku hiyo.

Kaka, sasa nirudi kwenye mabati.

Mama hana akaunti ya benki, ndiyo maana jina lako liliandikwa kule chamani, malipo ya korosho zake yapitie kwako. Ulimwambia hazijalipwa. Lakini jirani yake Veronika ameshalipwa, amenunua na cherehani. Mama akaenda kumuuliza katibu, katibu akamwambia pesa yake ilikwishatoka pamoja na za wengine. Mama alirudi nyumbani akanipigia, akasema katibu amezeeka anachanganya mafaili. Hakukudhania hata kidogo. Nikamwambia ni kweli, na mabati uliyomwahidi umeshayalipia kwa pesa yako, nimeyaona mimi mwenyewe dukani hapa Lindi, yanasubiri gari tu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mnada, Josephat alinionyesha ujumbe aliokuwa ameandikiwa na Mwinyi zamani, wakati anamdai. Alikuwa amemwandikia ajaze vizuri, asipunje, mpaka kapu likohoe. Nilisoma mara moja tu. Nikamwomba anirudishie simu nikasoma tena. Hakuna mtu duniani anayesema hivyo, Shamte. Alikuwepo mmoja, tukamzika, na watoto wake ni wawili.

Mwinyi Chuma ni wewe. Na Mama Koba, yule uliyemtukana halafu ukamwomba, ni mimi.

Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye simu yangu. Ijumaa ile nilikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, simu mkononi, na jina lako kwenye kioo. Ningeweza kukupigia. Ningeweza kukufungulia usiku na kusema ghala limevamiwa, wangeniamini, wananiamini kuliko ninavyostahili. Sikufanya lolote. Nikuambie ukweli, haikuwa haki peke yake iliyonizuia. Nilikuwa na hasira nawe mpaka meno yaliuma. Nilitaka ushindwe. Nilitaka ulionje hilo kapu wewe mwenyewe. Jumamosi nikaita bei, nikakuona unanunua, na kila uliponunua nilijua ni bati moja la Mama linaondoka, na nikaendelea kuita. Ningekufungulia wewe ningewafungia kina Josephat. Hilo nalijua, wala sijutii. Ila usingizi sipati, kaka, ni hapo ninaposhindwa kuelewa.

Najua hukutaka kumwibia Mama. Nakujua. Ulitaka pesa yake izae, arudi kutoka shambani akute nyumba nzima imeezekwa na dari juu yake, na tenki la maji. Ungetuita wote tuje kushangaa. Lakini uliipanda pesa ya mama yetu kwenye njaa ya watu wengine, na wewe ndiye uliyeijua njaa hiyo kuliko sisi wote. Mbona hukukumbuka ile sare? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeniuma. Au ulikumbuka, ukaona safari hii heri bakuli liwe mkononi mwako?

Mgao wangu wa mnada nimeuchukua nikaenda nao dukani. Nimepata mabati ya kutosha chumba cha Mama tu, upande wa kitanda. Yapo hapa uani kwa Angela, yameegemea ukuta. Kwa hiyo kidogo katika korosho zake kimerudi, kimezunguka kwako na kwangu, lakini kimerudi. Zilizobaki ziko kwa Josephat, viatuni mwa mwanawe, na kwa watu wengine ambao sura zao sizijui. Siwezi kuwaomba wanirudishie. Walichimba. Hata wakijua ni pesa ya nani, bado walichimba, na ningeona haya kunyoosha mkono.

Alhamisi Mama anafika. Ataona mabati ya chumba kimoja na ataniuliza ya nyumba nzima yako wapi. Mimi nimeshasema uongo wangu mmoja, wa pili sina. Wala ukweli sitausema, kwa sababu si wangu. Panda basi la Damiani Jumatano, nauli nimempa. Njoo umwambie mwenyewe, umwangalie usoni, kisha tupande wote Mtama tukaezeke hicho chumba kabla mvua haijakazana. Wewe utapanda juu, mimi nitakupa misumari. Nikitaka kukutukana nitakutukana huko huko, ukiwa juu ya paa huna pa kukimbilia.

Angela anakusalimu, hajui lolote, bado anasema wewe ndiye kaka mpole kuliko wote aliowahi kuwaona. Josephat naye anasalimu, nilimwambia tu ninamwandikia kaka yangu. Mama anakusalimu sana na anakuombea dua kila sala. Juzi Veronika alimtania kisimani kwamba huenda pesa ya korosho imeliwa na mtu wa karibu. Mama aliweka ndoo chini, akamwambia mbele ya wanawake wote kwamba mwanawe ana mapungufu yake, ila si mtu wa kangomba.

Nakungoja stendi Jumatano.

Mdogo wako akupendaye,
Kidawa